Neno la kwanza la baba baada ya kiharusi lilitoka Ze Comedy

Handeni. Kwa miezi minne mzee huyu hakutamka neno hata moja ambalo mtu mwingine angeweza kulielewa. Akitaka maji alinyoosha mkono wa kushoto kuelekea kwenye mtungi. Akitaka kwenda msalani aligonga ubao wa kitanda. Akikasirika, na alikasirika mara nyingi, alitoa sauti ile ile moja, "ta, ta, ta," kisha akageukia ukutani.

Halafu Jumapili moja jioni, nyumbani kwake Chanika, mjukuu wake wa miaka 11 akiwa amekaa mkekani na simu ya mama yake, mzee akasema neno lenye silabi sita.

"Mkandamizaji."

Mkewe, aliyekuwa anapepeta mchele uani, aliacha ungo chini. Binti yake alidhani ni mtoto anayemuigiza babu, akainuka kumkanya. Alipoingia ndani alimkuta baba yake anacheka, mdomo umeenda upande, machozi yanamtoka, kidole kimeelekea kwenye simu. Kwenye simu alikuwa Masanja Mkandamizaji wa miaka ile, na wenzake.

"Sikuuliza kitu. Nilikaa chini nikalia," anasema binti huyo, ambaye ni wakala wa huduma za fedha kwa simu mjini Korogwe. "Mtu ameshindwa kusema maji. Ameshindwa kutaja jina langu. Halafu anasema Mkandamizaji, tena amelinyoosha lote."

Ungo wa jirani

Neno hilo lina historia yake, na historia hiyo inaanzia Manundu, mjini Korogwe, mwaka 2007.

Wakati huo mzee alikuwa fundi cherehani. Alikaa barazani karibu na stendi, akishona sare za shule, kanzu na suruali za wasafiri zilizochanika njiani. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, na sebuleni palikuwa na televisheni ya chogo ya inchi 14, iliyonunuliwa baada ya msimu mzuri wa sare za Januari.

Televisheni ilikuwepo, lakini ungo haukuwepo. Ungo ulikuwa kwa jirani mwenye duka, na waya ulivutwa kutoka kwake, ukapita juu ya paa la choo na kuingilia dirishani. Nyumba tatu zilikuwa zinakula kwenye ungo huo mmoja. Sheria yake ilijulikana na kila mtu: jirani akibadilisha stesheni, wote mmebadilishiwa.

Kwa hiyo usiku wa Ze Comedy ulikuwa na diplomasia yake. Kama kulikuwa na mpira, binti, wakati huo akiwa darasa la sita, alitumwa mbio.

"Shikamoo baba mdogo. Baba anasema tunaomba vijana wamalize kwanza."

"Marahaba. Mwambie fundi mpira hausubiri."

Binti anarudi na jibu, baba anatoka mwenyewe na kandambili, na baada ya dakika mbili picha inarudi. Mara nyingine jirani mwenyewe alirudi naye, akakaa sebuleni kwa fundi kutazama kipindi ambacho angeweza kukitazama kwake. Sababu aliyoitoa ni kwamba kwake hapakuwa na watu wa kucheka nao.

Vijana sita

Wasomaji walio na umri wa kukumbuka watakumbuka. Ze Comedy ilirushwa na EATV, na jina lenyewe lilikuwa kichekesho. Lile "Ze" lilikuwa linakejeli namna watu wengi wanavyolitamka neno la Kiingereza ambalo ulimi unalikataa. Vijana walikuwa sita: Joti, Masanja Mkandamizaji, Mpoki, Wakuvanga, Mac Regan na Vengu.

Hapakuwa na nyumba ya kifahari wala magari ya kupiga misele kama kwenye filamu za Bongo za kipindi kile. Palikuwa na nguo za kuazima, sauti za kuigiza, na ujasiri wa kuwagusa watu wakubwa. Waliwaigiza viongozi na waliwaigiza wanamuziki. Mwanamume alivaa gauni na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu alichokifanya ndani ya gauni hilo kilikuwa kile kile ambacho shangazi wa mtu alikifanya jana yake.

Joti, ambaye jina lake ni Lucas Mhuvile, leo alikuwa bibi kizee na kesho mtoto mdogo, na kote alikubalika. Masanja, yaani Emmanuel Mgaya, alichukua jina la Kisukuma akaliongezea Mkandamizaji, na nchi nzima ikalibeba hivyo hivyo. Walijua kwamba jina zuri la mchekeshaji huanza kuchekesha kabla mwenyewe hajafungua mdomo.

Katika sebule ile ya Manundu kila mtu alikuwa na wake. Mama alikuwa na Joti akiwa bibi, kwa sababu alimkumbusha marehemu mama yake alivyokuwa anakaa kwenye kigoda na kuulizia mambo ya watu. Kaka mkubwa alikuwa na Mac Regan. Binti alikuwa na Vengu.

Baba alikuwa na Masanja, na sababu ilikuwa ya kikazi. Kila nguo iliyomalizika kushonwa aliipiga pasi ya mkaa kabla ya kumkabidhi mteja, na alikuwa anaegemea pasi hiyo kwa uzito wake wote. Mteja akifika, fundi aliinua kichwa na kusema: "Masanja ni wa kwenye televisheni. Mkandamizaji mwenyewe ndiye huyu hapa." Kisha aliikandamiza pasi mpaka meza ikalia.

Alilisema hilo asubuhi, mchana na jioni kwa miaka. Wateja wakaacha kumuita fundi. Watoto wa stendi wakamuita Mkandamizaji. Hata barua ya mwaliko wa harusi iliwahi kuletwa imeandikwa jina hilo, na mkewe alikataa kuitupa.

Kundi lilipohama

Ze Comedy ya EATV haikudumu. Mwaka 2008 kundi lilihamia TBC1, ukazuka mvutano kuhusu nani mwenye haki ya jina, na vijana wale wakaendelea kama Orijino Komedi. Tahajia hiyo nayo ilikuwa utani: Kiingereza kimeandikwa kama kinavyosikika barazani.

Familia ya fundi iliwafuata huko. Lakini binti anasema jina la Ze Comedy halikutoka midomoni mwao hata baada ya kundi kubadili jina. "Orijino Komedi tuliipenda, ila ukituuliza tulikuwa tunatazama nini, tunasema Ze Comedy. Mpaka leo."

Kisha kila mmoja akashika njia yake. Masanja aliimba nyimbo za injili, akahubiri, akalima mpunga. Joti aliendelea kuchekesha, na watoto wa leo wanamjua kwa video fupi za kwenye simu. Mpoki alisikika redioni. Vengu aliugua, na kwa muda mrefu mashabiki wakawa wanaulizana anaendeleaje.

Na sebule nazo zilibadilika. Mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa mwishoni mwa mwaka 2012 na ving'amuzi vikaingia mitaani, ule waya uliopita juu ya choo ulikatwa. Kila nyumba ikawa na rimoti yake. Baadaye kila mtu akawa na simu yake na bando lake. Hakuna tena mtoto wa kutumwa kwa jirani na shikamoo mdomoni.

Fundi aliuza cherehani moja, akabaki na moja, na miaka michache iliyopita alirudi Handeni kwenye shamba la mahindi la wazazi wake. Korogwe alimwacha binti. Kaka mkubwa naye alihamia Mkata.

Siku mbili zilizopotea

Kiharusi kilimkuta alfajiri. Alikuwa anavaa kanzu ili aende msikitini, mkono wa kulia ukakataa kuingia kwenye mkono wa kanzu. Mkewe alimuuliza ana nini. Alijibu kwa sauti isiyo na maneno.

Miaka mitatu nyuma aliwahi kuambiwa ana presha, akapewa dawa za kumeza kila siku. Alizimeza miezi miwili. Alipojiona hana kichwa kinachouma wala kizunguzungu, akaziacha. Hilo ni kosa linalofanywa na watu wengi sana: shinikizo la damu la 140 kwa 90 na kuendelea linaweza kukaa mwilini miaka bila kuuma popote, na dawa yake haimezwi kwa sababu mtu anaumwa, inamezwa ili asiumwe.

Asubuhi ile familia iligawanyika. Binti, kwa simu kutoka Korogwe, alisema apelekwe hospitali sasa hivi. Kaka mkubwa, aliyefika wa kwanza kutoka Mkata, alisema ugonjwa wa kumpata mtu ghafla, usiku ametoka kula vizuri, si wa hospitali. Akaitwa mtu wa dawa. Zikapita siku mbili.

"Nilimwambia kaka, Mzee Small si aliugua kiharusi? Yule naye alirogwa na nani, mtu aliyechekesha nchi nzima?" anakumbuka binti. "Kaka akanijibu, hao ndio wanaorogwa."

Mzee Small, jina lake Said Ngamba, alifariki dunia Juni 2014 baada ya kusumbuliwa na kiharusi. Watanzania wengi walimlilia kama babu yao. Lakini wachache walichukua kutoka kwenye msiba ule somo la kupima presha.

Kaka hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na hofu, na hofu ilitafuta mtu wa kulaumiwa. Siku ya tatu, baba alipopaliwa na uji mpaka akabadilika rangi, ni kaka huyo huyo aliyekimbia kutafuta gari. Wakapata huduma Handeni, kisha wakapewa rufaa kwenda Bombo, Tanga. Uhai wa mzee uliokolewa. Mkono wa kulia na maneno vilibaki nyuma.

Kiharusi hutokea pale damu inapozuiwa kufika sehemu fulani ya ubongo kwa sababu ya donge, au mshipa unapopasuka na damu kuvuja. Dalili zake zinafaa kukaa kwenye kichwa cha kila mtu nyumbani: uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu kulegea, maneno kuvurugika au kupotea, na vyote huja kwa ghafla. Ukiona hata moja, tazama saa, kumbuka ilianza lini, na tafuta usafiri. Saa za mwanzo ndizo zenye thamani zaidi. Usimpe chakula wala kinywaji, kwa sababu kumeza kunaweza kuwa kumeharibika. Usimpe aspirini kwa kukisia, kwa kuwa bila kipimo huwezi kujua kama ni donge au mshipa umepasuka, na kama umepasuka dawa hiyo inaweza kuongeza madhara.

Kwa nini lilitoka neno hilo

Kwa watu wengi, sehemu za ubongo zinazoshughulika na lugha ziko upande wa kushoto, na upande huo huo ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia. Ndiyo maana waliopooza upande wa kulia mara nyingi hupoteza na maneno. Hali hiyo ya kupotewa na lugha huitwa afasia.

Mwenye afasia si mtu aliyepungukiwa akili. Wengi wanaelewa zaidi ya wanavyoweza kusema. Anamjua mkewe, anajua siku ya soko, anajua nani anamdai. Neno ndilo halipatikani.

Lakini kuna maneno yanayosalia. Salamu zilizozoeleka, kuhesabu moja hadi kumi, dua, wimbo wa utotoni, tusi la hasira, msemo ambao mtu ameusema maelfu ya mara. Maneno ya namna hiyo hutoka kama mtu anavyopiga chafya, bila kutafutwa, na mara nyingi hunusurika pale mazungumzo ya kawaida yanaposhindwa. Kwa fundi, Mkandamizaji lilikuwa mojawapo. Alilisema kila siku, na kila siku lilifuatwa na kicheko.

Jioni ile kila mtu alitaka kulisikia tena. Mama akamwambia, "Sema tena baba fulani." Kaka alipigiwa simu, simu ikawekwa sauti kubwa. Mzee akakunja uso, akajaribu, midomo ikatetemeka. "Ta, ta." Akageukia ukutani.

Hilo nalo ni la kawaida. Neno lililotoka lenyewe hukataa kutoka linapoamriwa. Familia nyingi hapo hukata tamaa, au humlazimisha mgonjwa kama mtoto wa chekechea mbele ya wageni, naye akaacha kabisa kujaribu.

Binti alichukua njia nyingine. Siku iliyofuata hakumuomba aseme chochote. Aliweka video, akakaa naye, wakacheka. Siku ya tatu hivyo hivyo. Wiki ya pili, video ikiwa inaanza, yeye mwenyewe alisema, "Masanja..." akanyamaza, akamtazama baba yake na kusubiri.

"...Mkandamizaji," akasema mzee.

Kutoka hapo wakaenda kwenye "Shikamoo" na "Marahaba". Kisha "moja, mbili, tatu", ambazo mzee hufika mpaka saba. Sasa ana maneno kama ishirini anayoyatumia, na jina la mkewe limo.

Kicheko hakikutibu kiharusi, na familia yenyewe inalijua hilo. Mzee anameza dawa za presha kila siku, mkewe anazihesabu. Anafanya mazoezi ya viungo, na mtaalamu aliwafundisha namna ya kumnyanyua bila kumvuta bega lililolegea. Wataalamu wa tiba ya matamshi na lugha ni wachache nchini, na kwa mtu wa Chanika si rahisi kuwafikia, kwa hiyo kazi kubwa imebaki kwa watu wa nyumbani.

Walichojifunza kinaweza kumfaa mwingine. Zima redio kabla ya kuongea naye. Aongee mtu mmoja kwa wakati, kwa sentensi fupi. Muulize swali la ndiyo au hapana, na umpe muda, hata nusu dakika, kabla ya kurudia. Usijifanye umeelewa kama hujaelewa. Usimsemee kila kitu, na usimjadili mbele yake kana kwamba hayupo. Mtafutie kile alichokuwa anakipenda zamani, iwe kaswida, taarabu, kwaya au vichekesho. Na asitazame vichekesho akiwa anakula: mzee aliwahi kupaliwa tena kwa kucheka na uji mdomoni, na tangu siku hiyo simu haifunguliwi mpaka bakuli liondoke.

Jambo moja zaidi. Baadhi ya waliopata kiharusi hucheka au kulia bila sababu na bila kuweza kujizuia. Hicho si kicheko cha furaha wala si kichaa. Ni dalili ya kumweleza mtoa huduma, kwa kuwa inaweza kusaidiwa.

Mgeni kutoka Manundu

Kaka mkubwa huja kila Ijumaa kutoka Mkata. Mwanzoni hakuweza kukaa kwenye chumba hicho. Alisimama mlangoni, akauliza dawa zipo, akaacha pesa, akaondoka. Siku moja mama alimwambia akae. Alikaa, mtoto akaweka video, na kaka akacheka kabla ya baba yake. Zile siku mbili hazijazungumzwa. Ila sasa kaka ndiye anayempima baba presha, kwa mashine aliyoinunua mwenyewe, na anaandika namba kwenye daftari. Ameanza kujipima na yeye.

Mwezi uliopita alifika mgeni. Ni yule jirani wa Manundu mwenye ungo, sasa mzee kama fundi, mguu wake mmoja unamsumbua. Alisafiri kilomita 65 za lami kutoka Korogwe hadi Handeni akiwa na mfuko wa machungwa magotini. Alikuwa hajui amkute rafiki yake katika hali gani, na njia nzima, anasema, alikuwa anatunga maneno ya pole.

Alipoingia maneno yakampotea. Wazee wawili wakatazamana, wote hawana la kusema.

Mtoto akaleta simu, akaiegemeza kwenye kikombe mezani, na vijana sita wakatokea kwenye kioo kidogo kuliko kiganja. Wakatazama. Ilipofika katikati, jirani akanyoosha mkono taratibu kuelekea kwenye simu.

"Fundi," akasema, "naweka mpira."

Mkono wa kushoto wa mzee uliruka ukamdaka kifundoni.

"Ta, ta, ta!" akasema. Halafu akasita, akavuta pumzi, na neno jipya likaja, la kwanza ambalo halikutoka kwenye video wala kwenye salamu.

"Ngoja."

Jirani akarudisha mkono. Wakamaliza kipindi.